Kila Mwezi na Kitabu Chake

Wapenzi wa vitabu wa zama zetu wana ada njema: mwezi unapokaribia kwisha huketi wakavihesabu vitabu walivyovisoma, wakawatajia wenzao kimoja kimoja pamoja na hukumu yao juu ya kila kimoja, kisha wakapanga vile watakavyovifungua mwezi ujao. Wengi hudhani ya kuwa ada hii imetufikia juzi pamoja na maduka ya vitabu na skuli za serikali, na kwamba wazee wetu wa pwani, kama walisoma, walisoma kwa nasibu tu kitabu chochote kilichowaangukia mikononi. Dhana hiyo si sahihi. Tangu Barawa hadi Kilwa, na kutoka huko hadi Ngazija, walikuwako watu ambao, lau ungewauliza usiku wa kuandama kwa mwezi ni kitabu gani kitakachosomwa katika siku zijazo, wangekujibu papo hapo, kwa kuwa jawabu hilo walilipokea kwa baba zao. Na farka kubwa baina yao na sisi ni kwamba mpango wao ulikuwa wa mtaa mzima, na pengine wa mji mzima, ilhali wa kwetu ni wa mtu mmoja na chumba chake.

Mwaka wa msomaji wa pwani ulihesabiwa tangu kufunguliwa kwa saumu. Shawwali ikiitwa Mfungo Mosi, ikafuata Mfungo Pili na Mfungo Tatu hadi Mfungo Tisa, ndipo ikaja miezi mitatu iliyobakia na majina yake ya Kiarabu, yaani Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Atakayeitazama hesabu hii kwa jicho la msomaji ataona ya kuwa Mfungo Sita, pamoja na Rajabu na Ramadhani, ndiyo miezi iliyobeba sehemu kubwa ya kisomo cha hadhara, na iliyobaki ilikuwa ni miezi ya darasa za kawaida, ya kunukuu, ya kufunga majalada na ya kungojea vyombo.

Asili ya mpango wote huu ni Msahafu wenyewe. Qurani imegawanywa juzuu 30 zinazokaribiana kwa urefu, na kila juzuu ina hizibu mbili, hata atakaye kuihitimu kwa mwezi mmoja asome juzuu moja kila siku, na asiye na nafasi hiyo aridhike na hizibu, naye ataihitimu kwa miezi miwili. Mgawanyo huo ulimwongoza mtu peke yake, na ulikuwa pia chombo cha jamaa. Kwani katika khitima ya marehemu juzuu zilitolewa sandukuni zikiwa zimejalidiwa mbali mbali, kila aliyehudhuria akashika yake, na kwa kitambo kisichofika hata nusu ya asubuhi kitabu kizima kikawa kimesomwa na watu thalathini ambao hapana hata mmoja wao aliyekisoma chote. Naiona hii kuwa ni fikra kubwa mno katika historia ya kusoma, kwamba kitabu chaweza kukamilishwa na kundi la watu, na kila mmoja wao akashiriki katika ukamilifu huo kwa sehemu aliyoichukua. Kadhalika Dalailul-Khairati, kitabu cha sala za Mtume alichokitunga al-Jazuli wa Maghribi katika karne ya 15, kimekatwa sehemu za siku za juma, na waliokishika kama uradi walijua Jumatatu wasome wapi na Ijumaa wafike wapi.

Wala Misahafu hiyo haikuja yote kutoka ng'ambo. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulikuwa mji wa wanukuzi katika karne ya 18 na ya 19, na Misahafu yake iliyosalimika hadi leo inashuhudia ufundi wa watu walioichonga kalamu ya mtete na kuupima wino, wakapamba kurasa kwa wekundu na manjano pamoja na weusi wa maandishi, kisha wakaitia jalada la ngozi iliyofanyizwa na mafundi wa mji ule ule, ambao kwa kazi ya ngozi na ufumaji walisifika pwani nzima. Huu ndio mji uliompinga Mfalme wa Unguja kwa miaka mingi hata ukatiishwa na Sayyid Majid mwaka 1863. Na mwenye kutaka kujua ni kitu gani kilichopungua katika pwani ya kaskazini baada ya vita vile, asiangalie ngome peke yake, azingatie pia ni mikono mingapi iliyokuwa ikinukuu ambayo haikupata warithi.

Ramadhani ndio mwezi uliokuwa na mpango thabiti kuliko yote. Baada ya sala ya alasiri, sheikh aliketi na Tafsiri ya Jalalaini juu ya marfaa, akasoma Kiarabu kipande kwa kipande na kukieleza kwa Kiswahili mbele ya wachukuzi, mafundi, wavuvi na wenye maduka, ambao wengi wao hawakujua sarufi ya Kiarabu hata kidogo, na ambao hata hivyo, kwa kuhudhuria miaka nenda miaka rudi, walikuwa wakiijua tafsiri kwa kiasi cha kumwuliza sheikh maswali ya kumfikirisha. Kitabu chenyewe kina nasaba na mwezi huo. Jalalud-Din al-Mahalli wa Misri alianza kufasiri nusu ya pili ya Qurani, tangu Suratul-Kahf hadi mwisho, akarudi kwenye Fatiha, na mauti yakamfika mwaka 1459 kabla hajaendelea. Ndipo Jalalud-Din as-Suyuti akaishika kalamu kuikamilisha nusu ya kwanza, naye ameandika mwishoni mwa kazi yake kwamba aliianza siku ya kwanza ya Ramadhani mwaka 870 wa Hijra, yaani 1466 wa Miladi, na akaimaliza tarehe 10 Shawwali. Kwa hivyo wasikilizaji wa Lamu, Mvita na Unguja walikisoma katika Ramadhani kitabu ambacho nusu yake iliandikwa, kwa sehemu iliyo kubwa, ndani ya Ramadhani.

Mara nyingi mwezi mmoja haukutosha. Sheikh akifika katikati ya sura ndefu hilali ya Mfungo Mosi ikaonekana, alitia alama penye ukurasa, na mwaka uliofuata akaanzia hapo, hata mpango wa kitabu kimoja ukawa ni wa miaka kadhaa, na watoto waliokaa nyuma ya baba zao wakati wa Albakara wakawa na ndevu darasa ilipofika Yasini. Katika darasa za namna hii ndimo zilimopevuka tafsiri za Kiswahili tunazozisoma leo, kwa kuwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, alikuwa amekwisha kusomesha kwa mdomo kwa miaka mingi kabla Qurani Takatifu yake haijatoka kamili mwaka 1969; na msomaji mwenye sikio ataisikia katika maelezo yake sauti ya mwalimu anayesema na watu waliokaa mbele yake.

Katika Mfungo Sita kitabu kilikuwa ni Maulidi. Kwa muda mrefu Maulidi yaliyotawala pwani ni ya Barzanji, aliyoyatunga Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18, nayo ni nathari ya saji iliyokatwa milango, kila mlango ukifungwa kwa kumsalia Mtume, hata ikafaa kwa wasomaji wengi wanaopokezana: huyu akimaliza mlango wake akimpa kitabu mwenziwe, na aliyepewa mlango wa kuzaliwa kwake Mtume akijua kuwa amepewa heshima, maana hapo ndipo watu wote husimama. Chetezo cha udi kikizunguka, mrashi ukinyunyiza marashi, na halua ikiwangojea wasomaji pamoja na kahawa. Wako wanaoona ya kuwa mambo haya ya mwisho ni mapambo tu. Nami nadhani yalikuwa sehemu ya ilimu ya kukifanya kitabu kipendwe, kwani mtoto aliyekinusa kitabu kabla ya kukifahamu hakukisahau.

Barzanji hayakuachwa kwa Kiarabu peke yake. Sayyid Abubakar bin Abdirahman wa Lamu, aliyejulikana kwa lakabu ya Sayyid Mansab na kufariki mwaka 1922, aliyatia katika mashairi ya Kiswahili ili asiyejua Kiarabu apate kufahamu anachokiitikia. Kabla yake, Sayyid Aidarusi bin Athmani wa Pate alikuwa amekwisha kuifasiri Hamziya ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, kwa Kiswahili cha kale kilicho kizito hata maulamaa huhitaji kukifafanua. Na nuskha zake ziliandikwa kwa adabu nzuri, Kiarabu juu na Kiswahili chini ya kila ubeti, hata jicho la msomaji likishuka na kupanda baina ya lugha mbili bila ya kufungua ukurasa mwingine.

Hata hivyo mageuzi makubwa ya Mfungo Sita yalitokea Lamu, kwa mkono wa mtu aliyetoka Ngazija. Habib Saleh bin Alawi Jamalilel alifika Lamu akiwa kijana katika karne ya 19, akajifunza kwa masharifu na maulamaa wa mji, kisha akafungua darasa zake kwa watu ambao waungwana wa Lamu hawakuwahesabu kuwa ni watu wa vitabu: Wangazija maskini, wageni wa mtaa wa Langoni, na wale waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukajengwa Msikiti wa Riyadha, na humo yakashika mizizi Maulidi mengine, yaitwayo Simtud-Durari, ya Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun katika Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915; nayo yalisomwa kwa matari na kwa sauti za watu wengi pamoja. Wakubwa wa mji walichukizwa na matari yale, na nasema bila ya kusita kwamba kilichowachukiza zaidi ni kuona kitabu kimetoka kumbini mwa majumba ya mawe kikaingia mikononi mwa kila mtu. Habib Saleh alifariki mwaka 1935, na hadi sasa Maulidi ya Lamu, ambayo kilele chake ni Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita, huwaleta watu kutoka Unguja, Mombasa na Ngazija. Wako maulamaa waliozipinga baadhi ya ada hizi kwa hoja za dini, nami sikusudii kuamua baina yao. Ninalolishuhudia ni la historia, kwamba kwa kisomo hiki watu walionyimwa vitabu walipata kitabu.

Mwezi 27 Rajabu usiku ulikuwa wa Miiraji, na kisa cha safari ya Mtume mbinguni kilisomwa kwa Kiarabu misikitini, na majumbani kwa tenzi. Hapa sharti tusimame kidogo, maana historia ya kusoma imeandikwa kana kwamba misikitini ndiko kulikosomwa tu. Tenzi zilikuwa vitabu vya nyumbani. Mwanamke ajuaye herufi aliusoma utenzi kwa mahadhi yake, wenziwe wakasikiliza huku mikono ikiwa kazini, na waliosikiliza mara nyingi wakauhifadhi wote, hata nuskha ikiliwa na mchwa utenzi haukupotea. Tangu Utenzi wa Tambuka, ambao nuskha yake iliyoandikwa Pate ni ya mwaka 1728, hadi utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao mama aliyeuguza maradhi yake alimwachia bintiye na akataka wanawake wausome, tunaona silsila ya wasomaji ambao majina yao hayamo katika orodha za maulamaa. Mfungo Nne nao ulikuwa na kisa chake cha Karbala, alichokitungia utenzi Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga, ingawa wasomaji wakubwa wa kisa hicho ni ndugu zetu Mashia wa Unguja na Mombasa, ambao hukutana kwa ajili yake kila usiku tangu mwezi mosi hadi Ashura.

Kuna jambo ambalo watu hawalizingatii wanapozungumza juu ya kalenda hii ya vitabu, nalo ni kwamba msomaji wa pwani aliishi ndani ya miaka miwili kwa wakati mmoja. Kisomo kilifuata mwezi wa mbinguni, na mwaka wa namna hiyo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, kwa hivyo Ramadhani na Mfungo Sita husogea, na huuzunguka mwaka wote wa jua kwa miaka 33 takriban. Lakini vitabu vyenyewe vilifuata pepo. Kaskazi, ivumayo tangu Disemba hadi Machi, ndiyo iliyoleta majahazi ya Hadhramaut, Omani na Ghuba, na kusi ndiyo iliyoyarudisha. Na manahodha walihesabu pepo hizo kwa Nairuzi na miongo yake, yaani mwaka wa siku 365 uliokatwa makumi makumi. Sheikh wa Lamu aliyetaka sharhe mpya kwa ajili ya Ramadhani alilazimika kuagiza kwa nahodha arudiye na kusi, akangojea kaskazi ya pili, na kama Ramadhani mwaka huo iliangukia kabla ya vyombo kufika, darasa ilisomwa kwa nuskha ya zamani au kwa nuskha iliyoazimwa na kunukuliwa kwa haraka. Subira hiyo ndiyo iliyowafanya wakisome kitabu kimoja mara kumi, na wakakijua.

Hali ilianza kugeuka mwaka 1872, meli za moshi za posta zilipoanza kufika Unguja kila mwezi kutoka Aden, miaka michache baada ya kufunguliwa kwa mfereji wa Suez. Sasa vitabu vya Bulaq na vya matbaa ya al-Babi al-Halabi ya Kairo vingeweza kufika pasi na kungojea upepo. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, hakuridhika na kununua. Karibu na mwaka 1880 alisimamisha matbaa yake mwenyewe, na katika kazi zake kubwa ilikuwamo Kamusu Sharia, kitabu cha fikihi ya Kiibadhi cha Sheikh Jumayyil bin Khamis as-Saadi, ambacho kilikusudiwa kuwa juzuu 90. Zilizopigwa chapa ni chache tu katika hizo, kwani umri wa mfalme haukulingana na azma yake, lakini mpango ule wa juzuu tisini wastahili kukumbukwa na kila mtu aliyewahi kupanga kusoma zaidi ya uwezo wake.

Miezi iliyokuwa haina kitabu cha hadhara haikuwa mitupu. Darasa za kila siku ziliendelea baada ya alfajiri na baina ya magharibi na isha, mwanafunzi akianza na Safinatun-Naja, akapanda kwenye matini ya Abu Shujaa, na aliyejaaliwa akafika kwenye Minhaji ya Imamu Nawawi. Kitabu kikikhitimiwa, mwanafunzi akipewa ijaza kuwa aweza kukisomesha. Sayyid Ahmad bin Sumeti na Sheikh Abdallah Bakathir, marafiki wawili waliofariki mwaka mmoja, 1925, ndio waliokuwa nguzo za mpango huu Unguja, na vyuo vingi vya pwani hujinasibisha nao hadi leo.

Karne ya 20 ilileta miezi ya namna nyingine. Wamisionari wa Kiungani na Magila walikuwa wamekwisha kutoa majarida yao ya Kiswahili kabla ya mwaka 1900, kisha Januari 1923 ikatoka Mambo Leo huko Dar es Salaam, ikichapishwa kila mwezi na Idara ya Elimu ya Tanganyika, na kwa mara ya kwanza karani wa Tabora na mwalimu wa Songea wakawa wanangojea kusoma jambo moja katika mwezi mmoja, mwezi wa Kizungu, bila ya kujuana kamwe. Humo mashairi ya Shaaban Robert yalipata wasomaji kabla hajawa na vitabu. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza watu wasome na wafahamu kwa lugha yao. Magazeti hayo nayo yalisomwa kwa sauti barazani, mmoja akisoma na kumi wakisikiliza. Kwa hivyo kilichobadilika kwanza ni karatasi na hesabu ya miezi, na namna ya kusoma ilichelewa sana kubadilika. Tulipofikia kusoma kimya kimya kila mtu peke yake, tulipata uhuru wa kuchagua tukitakacho, na tukapoteza watu wa kuulizana nao penye mlango mgumu. Mimi nauthamini uhuru huo, lakini hasara yake naiona kubwa.

Katika Riyadha zimehifadhiwa nuskha za mkono zaidi ya mia moja, na zimepigwa picha ili zisipotee. Nyingi zimeandikwa mwanzoni kwamba ni wakfu, hazitauzwa wala hazitarithiwa, zitumiwe na wanafunzi. Nyaraka za Unguja nazo zina hazina yake. Lakini nuskha nyingi zaidi zimo majumbani, katika masanduku ya mababu, na wenye nyumba hawajui ni nini. Nawasihi wenye masanduku hayo wayafungue kabla ya masika, watazame ukurasa wa mwisho wa kila kitabu, maana hapo ndipo mnukuzi huandika jina lake na mwezi aliomaliza, wamwonyeshe ajuaye kusoma khati hizo, na wakubali zipigwe picha, nuskha zenyewe zikibaki kwao. Na wapenzi wa vitabu wanaopanga vya mwezi ujao, nawaomba watie katika orodha yao kitabu kimoja cha pwani, utenzi au tafsiri, na wakisome kwa sauti pamoja na mtu mwingine.